Yerusalemu jua likiwa kali: ushuke mferejini au upande ukutani?

Julai kwetu Moshi ni mwezi wa sweta. Mlima unajifunika mawingu wiki nzima, watu wanaota moto jikoni, na anayekuambia unakwenda kuungua na jua unamwona mzushi. Ndiyo maana mahujaji wetu wengi wanaokwenda Yerusalemu kwenye likizo za katikati ya mwaka wanakosea begi tangu nyumbani: makoti mawili, viatu vya ngozi vya kanisani, kofia hamna. Siku ya pili tu, saa sita mchana, utawakuta wamejibanza kwenye kivuli cha Lango la Yafa wakijipepea na karatasi ya ratiba.

Kiangazi cha kule ni Juni hadi Septemba, na miezi hiyo mvua huwa hamna. Mji uko milimani, mita 750 hadi 800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usitegemee joto la kunata kama la Dar es Salaam. Ni joto kavu. Mchana wa kawaida ni nyuzi 29 au 30, zipo siku za 35 na kupita, na usiku upepo unashuka mpaka lile koti unalitafuta. Kinachowamaliza watu ni mawe. Mwaka 1918 gavana wa Kiingereza, Ronald Storrs, aliagiza majengo yajengwe kwa mawe ya palepale, na agizo hilo limeendelea kufuatwa, hivyo mji karibu wote ni mweupe wa chokaa. Jiwe jeupe linakurudishia jua kutoka chini. Unafunika utosi, unaungua kidevu.

Nimesindikiza vikundi vya parokia mara tatu, zote katika miezi hiyo, maana walimu na wazazi wenye watoto hawana miezi mingine. Ratiba za hija zinafanana: Bethlehemu, Galilaya, Njia ya Msalaba, Kaburi Takatifu. Halafu katikati kuna siku imeandikwa "mapumziko". Hiyo ndiyo siku watu wanayonipigia simu kuiulizia kabla hawajasafiri. Wanataka historia ya kale, wanataka na matembezi, na wanajua watakuwa wamechoka. Hawawezi kwenda kote. Mmoja aliniuliza bila kuzunguka: "Mwalimu, nitajie sehemu moja."

Mimi hupanga kwa saa. Kila mahali pale ni patakatifu kwa mtu fulani, kwa hiyo utakatifu hautakusaidia kuchagua. Muulize kwanza huyo mtu atakuwa wapi jua likiwa la utosi, kisha muulize magoti yake yana hali gani. Baada ya hapo wengi wanabaki na mambo mawili ya kushindanisha: mfereji wa Hezekia ulio chini ya ardhi, na matembezi ya juu ya kuta za mji mkongwe. Kimoja ni giza na maji, kingine ni mwanga na upepo.

Mfereji

Toka nje kwa Lango la Jaa, upande wa kusini, uone kilima kinavyoporomoka kuelekea bonde la Kidroni. Mji wa kwanza kabisa ulikuwa hapo, nje ya kuta tunazoziita leo mji mkongwe, na sababu yake ilikuwa moja: chemchemi ya Gihoni. Juu hakukuwa na maji ya kueleweka. Wakanaani walijenga karibu na chemchemi, Daudi akauteka mji wao, na ndiyo maana eneo hilo linaitwa Mji wa Daudi.

Tatizo la Gihoni ni kwamba iko bondeni, chini ya mji, mahali ambapo adui akija anafika kabla yako. Mwishoni mwa karne ya 8 KK Waashuru walikuwa wanakuja. Mfalme Hezekia akaamua maji yaingie mjini kwa chini kwa chini. Katika 2 Wafalme 20:20 kazi hiyo imetajwa kwa maneno machache tu, birika na mfereji, kama mtu anayesimulia ukarabati wa choo. Ukiingia mwenyewe ndipo utaelewa walichofanya. Senakeribu, mfalme wa Waashuru, aliuzingira mji mwaka 701 KK, na hakuingia.

Ni mita 533 za mwamba mtupu uliochongwa kwa patasi. Ungenyooka ungekuwa kama mita 320, lakini unapinda kama nyoka, na wataalamu bado wanabishana kwa nini. Vikundi viwili vilianza kuchimba kutoka ncha mbili, vikakutana katikati. Tunajua kwa sababu wenyewe waliandika ukutani karibu na mwisho wa mfereji: zilipobaki dhiraa tatu, mtu alisikika akimwita mwenzake ng'ambo ya mwamba, wakapiga shoka kuelekeana, maji yakaenda. Maandishi hayo yaligunduliwa mwaka 1880, enzi za Waturuki, na sasa yako kwenye makumbusho ya Istanbul. Pale mferejini unaona nakala.

Unashuka ngazi nyingi hadi kwenye chemchemi. Hapo vua soksi, kunja suruali juu ya goti, washa tochi. Maji mwanzoni yanafika mapajani, yakiwa baridi kiasi cha kumfanya mtu mzima apige kelele kama mtoto, kisha yanashuka hadi gotini na chini ya goti, na yanabaki hapo. Upana ni kama sentimita 60. Mabega yangu yanagusa kuta zote mbili. Sehemu fulani unainama, lakini karibu na mwisho dari linapanda juu sana, kwa sababu wachimbaji wa upande huo walianzia juu mno, ikabidi warudi kuteremsha sakafu. Angalia alama za patasi ukutani: kwa nusu ya safari zinaelekea unakokwenda, na baada ya katikati zinakuelekea wewe. Na pale katikati kuna vichochoro vifupi visivyofika popote. Ni mahali walipopotea, wakasikiliza, wakajirekebisha.

Dakika 30 hadi 45 na umetoka. Nje jua limekaza, wewe unatetemeka.

Sasa ubaya wake. Ukishaingia huwezi kugeuka, maana nyuma yako kuna foleni ya watu, na mbele pia. Mwenye hofu ya mahali pa kubana asijaribu kujipa ujasiri. Nimewahi kutembea mita mia moja nikimshika mkono mtu anayelia, na hakuna aliyefaidi. Watoto wadogo sana hawaruhusiwi. Ukitokea kwenye birika la Siloamu, mwisho wa mfereji, bado una mlima wa kupanda kurudi ulikotoka, ndio huohuo kilima ulioushuka chini ya ardhi. Viatu viwe yeboyebo au sendozi zinazofunga kisigino. Kandambili za kawaida zinabaki kwenye maji. Tochi ya simu inatosha mpaka simu inapoponyoka, kwa hiyo nunua ile ya kufunga kichwani.

Ipo njia ya pili, kavu, kwa wasiotaka maji. Inapita mfereji wa Wakanaani, mkongwe kuliko wa Hezekia kwa karne kadhaa, mfupi sana, kisha unatokea nje upande wa bonde. Shangazi yangu aliichagua hiyo. Alitumia dakika chache, akakaa kivulini, akamaliza rozari mafungu matano akitusubiri, na mpaka leo anasema yeye ndiye aliyekuwa na akili.

Jambo moja nalisema mapema ili usije ukalisikia pale ukadhani ulifichwa. Mji wa Daudi uko ndani ya Silwan, mtaa wa Wapalestina. Hifadhi inaendeshwa na taasisi ya Kiyahudi ambayo pia inahamishia familia za Kiyahudi katika mtaa huo, na wakazi wana malalamiko ya miaka mingi kuhusu kuondolewa kwenye nyumba zao na uchimbaji unaopita chini yao. Wapo mahujaji ambao kwa sababu hiyo hawaendi. Wengine wanakwenda na kununua maji na matunda kwa wenye maduka wa Silwan. Uamuzi ni wako.

Ukuta

Kuta unazoziona kwenye picha si za Daudi wala Sulemani wa Biblia. Zilijengwa na Suleiman mwingine, sultani wa Waturuki, zikakamilika mwaka 1541. Mzunguko wake ni kama kilomita nne, urefu kwenda juu kwa wastani ni mita 12, minara 34, malango saba yaliyo wazi na moja lililozibwa, Lango la Dhahabu, linalotazama Mlima wa Mizeituni. Ukiingia Lango la Yafa, upande wa kushoto, nyuma ya nondo, kuna makaburi mawili chini ya mti. Wenyeji wanasimulia kwamba ni ya wasanifu wa ukuta, waliouawa kwa amri ya sultani kwa kuuacha Mlima Sayuni nje. Ni simulizi tu, ila kila kiongozi wa watalii anaisimulia kwa uso mkavu.

Huwezi kuzunguka mzima, kwa sababu upande unaopakana na uwanja wa Al-Aqsa haupitiki. Yamebaki matembezi mawili yanayoanzia karibu na Lango la Yafa, kila moja kwa upande wake. La kaskazini linapita juu ya Lango la Dameski hadi Lango la Simba. La kusini linapita mtaa wa Waarmenia na Lango la Sayuni, lenye matundu ya risasi za 1948, mpaka karibu na Lango la Jaa. Kwa macho, la kaskazini linashinda. Juu ya Lango la Dameski unasimama kama umeshika kamera, soko lote liko chini ya miguu yako: akina mama wa vijijini na mafungu ya majani ya mzabibu, tini, mnanaa, vijana wakisukuma mikokoteni na kupiga miluzi watu wapishe. Upande wa ndani unaona kile ambacho barabarani hakionekani: mapipa ya maji juu ya paa, kamba za nguo, madishi, uwanja wa shule wenye watoto wakicheza mpira, na nyuma ya yote hayo kuba ya dhahabu. Makanisa, misikiti na masinagogi yote yanaonekana yamebanana kama abiria wa daladala. Chini ukizunguka vichochoroni hulipati hilo.

Lakini kivuli hakuna. Kabisa. Ngazi ni za mawe, hazilingani, nyingine zinafika gotini, na nondo za kushikilia saa nane mchana zinachoma. Milango ya kushukia ni michache, ukishapita mmoja unatembea hadi mwingine. Safari yangu ya kwanza kampuni iliyotupangia ratiba, siitaji jina, ilituweka juu ya ukuta saa saba mchana mwezi Agosti. Tukiwa katikati ya malango mawili mama mmoja akaishiwa nguvu. Tulimkalisha ndani ya mnara, tukafungua vitenge viwili vikawa turubai, tukammwagia maji yetu yote. Alipona, lakini tuliobaki tulimaliza safari na midomo mikavu, na kuanzia hapo ratiba ninaiandika mwenyewe.

Kwa hiyo ukuta ni wa mara tu geti linapofunguliwa asubuhi, au wa mwishoni kabla halijafungwa. Mapema Julai jua la Yerusalemu linazama saa moja na robo tatu jioni, kitu ambacho sisi watu wa ikweta hatukizoei, na saa ya mwisho kabla ya kuzama mawe yanageuka rangi ya asali. Uliza geti linafungwa saa ngapi msimu huo, maana hubadilika.

Ukishuka Lango la Yafa, tazama pale magari yanapopita kando ya lango lenyewe. Huko nyuma ukuta ulikuwa umeungana. Sehemu hiyo ilifunguliwa mwaka 1898 ili Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani aingie na farasi na magari yake bila kushuka. Ni Kaiser yuleyule ambaye maofisa wake walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, Old Moshi, Machi 1900. Nikiwa na watu wa nyumbani huwa nasimama hapo dakika mbili. Mwaka 1917 jenerali Allenby wa Uingereza naye alipouteka mji aliingia kwa miguu, makusudi, ili asifanane naye.

Nani aende wapi

Kama unataka sehemu moja tu na una miguu mizima, shuka mferejini. Nasema bila kusita, kwa sababu mbili. Kwanza, mchana wa kiangazi ni mahali penye historia ya miaka 2,700 ambapo jua halina la kukufanya. Pili, ni kitu unachokifanya kwa mwili wako. Kaburi Takatifu utasimama foleni, utapiga magoti sekunde chache, utasukumwa. Mferejini hakuna anayekusukuma, mnakwenda kwa mwendo wa aliye mbele, na mkono wako uko kwenye alama ya patasi ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa.

Ukuta ni bora kwa mtu ambaye tayari ametembea mji kwa chini siku mbili tatu na kichwa kimechanganyikiwa, hajui Njia ya Msalaba iko upande gani na hoteli iko upande gani. Akipanda, ramani inajipanga. Ni bora pia kwa vijana, ambao mferejini wanakimbilia kurushiana maji na kukera wanaosali. Na kwa bei, kwenye mfuko wa hujaji wetu, ukuta kwa kawaida ni nafuu kidogo. Kote kuwili usiende na noti kubwa peke yake, na Mji wa Daudi nunua tiketi mtandaoni mapema. Kumbuka Mji wa Daudi Ijumaa wanafunga mapema, na Jumamosi, siku ya Sabato, hawafungui.

Mwenye magoti mabovu asidanganywe na yeyote kati yetu. Vyote viwili ni ngazi. Mpeleke Mtakatifu Ana, karibu na Lango la Simba. Ni kanisa la enzi za Vita vya Msalaba, la karne ya 12, kando yake kuna magofu ya birika la Bethzatha la Yohana sura ya 5, bustani ina miti na mabenchi, na ndani ni baridi kama chungu cha maji. Sultani aliwapa Wafaransa mwaka 1856, na tangu 1878 linatunzwa na Mapadri Weupe, shirika lilelile lililotuma msafara wake wa kwanza kupitia Bagamoyo mwaka huohuo. Kwa hiyo usishangae padri wa pale akikusalimu kwa Kiswahili kizuri kuliko chako. Wengi wametumikia kwetu. Wakuu, imbeni humo. Mwangwi wake unadumu sekunde kadhaa, watu watano wanasikika kama kwaya ya jimbo. Tulipomaliza wimbo wa pili Wakorea waliokuwa wanasubiri zamu walikaa chini, wakatuashiria tuendelee.

Kuna mashimo mengine mawili ya kukimbilia kivuli ambayo hushindanishwa na mfereji. Pango la Sedekia, hatua chache kutoka Lango la Dameski, ni machimbo ya mawe yanayoingia chini ya mtaa wa Waislamu zaidi ya mita mia mbili. Wanasema mfalme Sedekia alitorokea humo Wababeli walipouvunja mji mwaka 586 KK, na matone yanayodondoka mwishoni yanaitwa machozi ya Sedekia. Ni papana, hakuna kubanwa, hakuna kulowa, watu ni wachache, dakika 30 zinatosha. Ila hadithi yake ni nyembamba. Njia za chini za Ukuta wa Magharibi ni kinyume chake: zimejaa historia, unatembea kandokando ya mawe ya Herode, mojawapo lina urefu wa mita 13.6 kipande kimoja, lakini lazima ujiandikishe kabla na uende na kiongozi wao kwa saa yao. Kikundi cha Kiafrika kikichelewa dakika kumi, nafasi imekwenda. Najua ninachosema.

Kwa ndugu zangu Waislamu, kama nilivyomwambia jirani yangu wa Pasua aliyekuwa anajiandaa kwenda Baitul Maqdis, ulinganisho huu wote unakuja baadaye. Uwanja wa Al-Aqsa peke yake ni siku nzima, na ndiyo sehemu ya mji mkongwe yenye kivuli kingi kuliko zote: mizeituni, misonobari, visima vya sabili, familia zimetandika mikeka chini ya miti baada ya Adhuhuri. Kuba ya Mwamba, aliyoijenga khalifa Abd al-Malik na kuikamilisha mwaka 691 au 692, huitazami kwa haraka. Wasio Waislamu wanaingia uwanjani kwa lango moja tu, saa chache, na Ijumaa na Jumamosi hawaingii. Ukitoka kwa Bab al-Majlis, pita pole. Majengo mawili ya zamani pande zote za njia ni makazi ya Waafrika wa Yerusalemu, familia ambazo wazee wao walikuja kuhiji kutoka Chad, Sudani, Nigeria na Senegali, wakabaki. Salamu yako itaitikiwa kwa Kiarabu, lakini sura utaona za nyumbani.

Wanaotaka kutoka nje ya mji kabisa kwa kawaida wanaambiwa Bahari ya Chumvi. Kiangazi? Unashuka kutoka mita 750 juu ya bahari hadi zaidi ya mita 400 chini yake, na chini huko nyuzi 39 ni kawaida. Nusu saa ya kuelea juu ya maji ni tamu, picha zinapendeza, kisha unatafuta bomba la maji baridi na linatoa ya moto. Masada, ngome ya kale jirani yake, iende Januari. Mimi kiangazi huwapeleka watu Ein Kerem, kijiji cha Yohana Mbatizaji pembezoni mwa mji: miti, chemchemi ya Maria, kupanda kidogo hadi kanisa la Kutembelewa. Maji ya chemchemi usinywe, yamewekewa tangazo.

Nikiwa na kikundi chenye nguvu siku yote, naviunganisha vyote viwili, na hapa jiografia inasaidia. Asubuhi geti linapofunguliwa tunapanda ukuta upande wa kusini. Kwa mwendo wa taratibu tunashuka karibu na Lango la Jaa kabla jua halijakaza, tunakula mkate mrefu wa ufuta na zaatari, yaani majani makavu ya viungo, tunajaza chupa, tunavuka barabara na kuingia Mji wa Daudi. Mchana tuko majini. Jioni waliobaki na miguu wanakwenda Lango la Dameski kumtafuta muuza tamar hindi. Usiogope jina, ni juisi ya ukwaju, tena yenye barafu.

Mwaka jana kwenye kikundi tulikuwa na mzee wa Kibosho, umri umekwenda, lakini magoti ya chuma. Ukutani hakusema neno. Alitembea kwa adabu, akatazama makuba tuliyomwonyesha, akasema vizuri, vizuri. Mferejini akawa mtu mwingine. Huyu maisha yake yote alikuwa msimamizi wa mfongo, mfereji unaotoa maji korongoni na kuyafikisha migombani, na kila hatua alikuwa anapapasa ukuta, anatia fimbo majini, anasimama na kutuziba njia. Kijana aliyetuongoza alipotaja kwamba kutoka mwanzo hadi mwisho, mita 533, mteremko ni kama sentimita 30 tu, sisi tuliitikia tu. Mzee aliomba arudie hesabu.

"Bila pima maji?"

Bila pima maji, akajibiwa.

Hakuongea tena mpaka tulipotokea kwenye birika la Siloamu, kwenye mwanga, sisi tukikamua suruali na kutafuta viatu. Shangazi alikuwa ameshateremka kivuli kwa kivuli kutupokea. Mzee alibaki ndani ya maji, kayakazia macho yanavyopita kati ya miguu yake na kuteremka bondeni, bila mtu wa kuyaelekeza popote. Akamgeukia yule kijana, uso wa kazi kabisa.

"Leo zamu ya nani?"